Mkoba Ambao Sikuugawa

Oktoba 1996, vita viliingia Uvira, mashariki mwa Kongo. Nilipoteza mume, nyumba ya vyumba viwili, karakana yenye mlango wa bati, na friji za watu zilizokuwa ndani zikisubiri kutengenezwa. Nazitaja friji kwa sababu wenyewe walikuja kuniuliza, mmoja wao hapa hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kwenye foleni ya maji, kana kwamba ningezibeba kichwani mpaka Malawi. Nilichobeba ni mkoba wa zana wa mume wangu. Alinipa njiani, watu wakikimbilia ziwani, akageuka kwenda kumtafuta mama yake. Alisema, "Shika, nakuja."

Hakuja. Mama yake alikuwa amekwisha kuvuka na majirani, sisi hatukujua.

Mkoba ulikuwa wa turubai nene. Ndani mlikuwa na spana, bisibisi, brashi, kifaa cha kulehemu, na manometa mbili, zile saa za kupimia msukumo wa gesi, moja ya buluu na moja nyekundu, pamoja na mipira yake. Manometa alikuwa amezifunga kwa shati lake la kazi ili vioo visivunjike. Mkanda wa begani ulikatika Kigoma. Niliufunga kwa kipande cha kitenge, na hivyo ndivyo mkoba ulivyoingia Malawi. Njiani niliuza sufuria, nikauza viatu, nikauza kitenge changu cha harusi. Mkoba sikuuza. Waliokuwa nami walisema nimechanganyikiwa. Sikuwa nimechanganyikiwa. Nilikuwa nimeambiwa nishike.

Shule yangu iliishia darasa la nne. Kazi ya baridi nilijifunza kwa kumshikia mume wangu tochi. Hatukuwa na mtoto, kwa hiyo mchana nilikaa karakanani. Viganja vya mume wangu vilikuwa vimekauka kwa miaka ya kulehemu, havikusikia tena tofauti ndogo za joto, basi akawa anatumia vyangu. Mashine ikishawaka, aliniita niguse mabomba yake mawili.

"Inasema nini?" aliuliza.

"Hili nono linatoka jasho, baridi. Hili jembamba la moto."

"Njo vizuri," alisema; njo ni ndiyo ya kwetu. "Na sasa?"

"Yote mawili vuguvugu."

"Basi hapo hakuna gesi, ama kompresa imechoka. Leta sabuni."

Ndivyo alivyofanya kila siku. Kwanza asikilize, kisha nipapase, kisha ndipo afungue. Aliwacheka mafundi waliofungua kwanza.

Dzaleka nilimkuta kaka yake mkubwa, shemeji yangu, ambaye alikuwa ametangulia. Alikuwa fundi cherehani na mzee wa kanisa. Alinipokea, alinipa nafasi ya kujenga kibanda nyuma ya chake, na mwezi wa kwanza nilikula kwake. Hayo ni ya kweli na sitayapunguza. Lakini tangu siku ya kwanza aliutazama mkoba.

"Shemeji, hizi kazi za bwana yako utafanya nazo nini?" Kwetu zana tunaziita kazi.

"Kazi," nilimjibu.

Alicheka, akidhani natania.

Nilikuwa nimevaa kitambaa cheusi tangu njiani, ingawa hakuna aliyekuwa ameniletea habari ya mume wangu, na hilo ndilo lililowasumbua wengi. Mwanamke wa kilio hakai barabarani na haingizi kichwa kwenye boneti ya gari. Mi niliomba ruhusa ya kutoka kambini, nikapanda matola, pikapu zinazobeba watu nyuma, nikaenda Lilongwe hivyo hivyo na cheusi changu. Nilizunguka mtaa wa Mtandire bila kupata kitu. Mtaa wa Area 36 nikakuta gereji ya wazi, magari juu ya mawe, na mwenyewe Mmalawi aliyekuwa dereva wa malori ya Dar es Salaam, kwa hiyo Kiswahili alikuwa nacho.

"Amayi, unauza mandazi?" aliniuliza.

"Hapana. Natafuta magari ambayo hayatoi baridi."

Mafundi wake walicheka mpaka mmoja akaangusha spana. "Hapa hata soda hazina baridi," mwenyewe akasema. "Anza na hizo."

Sikuondoka. Niliketi kwenye tairi nikangoja. Walipoketi kula nsima, ugali wa huku, alikuja mfanyabiashara wa mahindi kutoka Nathenje, amefungua vioo vyote vya pikapu yake, shati limelowa. Akalalamika kwamba anaongezewa gesi kila mara na baada ya muda mfupi baridi inakwisha.

"Gari lako linakunywa gesi kama mlevi," mwenye gereji alimwambia akitafuna.

"Gesi hainywewi," nilisema. "Kama imepungua, kuna mahali imetokea. Ukiongeza bila kuziba unaimwaga."

Mwenye pikapu akafungua boneti. Nilitazama mabomba kabla ya kugusa chochote, kwa sababu gesi ikitoka huondoka na mafuta kidogo ya kompresa, na vumbi hushika hapo. Niliona doa jeusi lenye unyevu pale bomba lilipokuwa likisugua chuma cha kushikilia redieta. Nikakoroga sabuni, nikapaka kwa brashi. Povu likaanza kupanda taratibu, kama maziwa yanayokaribia kuchemka.

"Eee," mwenye gereji akasema, "inapumua."

Walimaliza kuitoa gesi iliyobaki, nikalehemu tundu, nikafunga kipande cha mpira ili chuma na bomba visigusane tena, na tukajaza gesi ya gereji nikitazama manometa. Tangu siku hiyo nikaitwa amayi a firiji, mama wa friji. Sikulipenda jina hilo, lakini lilinipa mahali pa kukaa.

Kazi nyingi hazikuwa kubwa. Gari moja lilipuliza hewa ya moto kwa sababu mkanda wa kompresa ulikuwa umelegea na unateleza. Lingine lilitoa harufu mbaya kila feni ikiwashwa, na tulikuta panya amezaa ndani ya njia ya hewa. Nyumba moja, kiyoyozi kilidondosha maji juu ya kitanda, na mwenye nyumba alikuwa amekwisha kuhamisha kitanda mara kadhaa. Nyigu walikuwa wamejenga kwa udongo ndani ya bomba la kutolea maji. Nyumba nyingine mashine iliganda barafu mbele, na watu wakafurahi wakisema leo baridi imezidi. Chujio lilikuwa limeziba kwa vumbi kama blanketi. Hewa haipiti, kwa hiyo baridi inabaki pale pale inajigandisha yenyewe. Mama mwenye nyumba alikuwa hajawahi kulifungua, akiogopa baridi isije ikatoka yote. Nililiosha kwa maji na sabuni, nikamwonyesha namna, nikamwambia asiniite tena kwa jambo hilo.

Kisha vita vya pili vikaanza kule nyumbani, na Dzaleka ikajaa watu wapya. Miongoni mwao alikuwa mwanamume aliyekuwa jirani yetu Uvira. Shemeji alimleta kwangu, wakaketi, akasimulia. Alikuwa ameuona mwili wa mume wangu kando ya njia siku ile ile, na yeye na wengine walimfukia haraka pale pale. Alieleza suruali, alieleza kovu la mkononi la moto wa kulehemu. Alikuwa ni yeye.

Sitasema nilishangaa. Nilijua tangu jua la siku ile lilipozama na hajafika. Wengine walidhani nautunza mkoba kwa sababu namngojea. Mi simngojei mtu aliyekufa. Lakini kujua na kuambiwa ni vitu viwili, na siku hiyo nililala chini mchana kutwa.

Tukakaa kilio. Kanisa likaja, wamama wakapika, watu wakaimba. Na kilio kikishakaa, kwetu lazima siku moja kiondolewe. Siku ya kuondoa kilio ndugu wa mume wanatandika mkeka, wanaweka juu yake nguo na vitu vya marehemu, na kila mtu wa ukoo anachukua. Mjane anakaa pembeni. Mwenye watoto anaachiwa vingi kwa ajili yao. Mi sikuwa na mtoto. Nilijua nini kitawekwa kwenye mkeka na nani atakichukua, na shemeji hakunificha.

"Zana za mwanamume ni za bantu ya ukoo wake," alisema. "Kuna mtoto wa dada yetu Zambia, atajifunza."

"Atajifunza kwa nani?"

"Si kwa bantu?"

"Kwa watu gani? Hapa anayejua ni mi."

"Shemeji, we ni mwanamke ya ndugu yangu, siko nakufukuza. Utakula kwangu."

Sikutaka kula kwake. Nilimwambia hivyo, na sikupaza sauti. Wamama wa kanisa wakaanza kunitembelea, mmoja mmoja, wakisema mambo ya unyenyekevu. Niliwapa chai. Asubuhi nilipanda matola.

Haya yakiwa hayajakwisha, mwanzoni mwa mvua, kule Lilongwe akafariki bibi mmoja wa Fizi, upande wa kwetu, mama wa mfanyabiashara ambaye mambo yake yalikuwa yamemnyookea. Bibi mwenyewe alikuwa amekataza kabisa kupelekwa chumba cha maiti. Alitaka alale nyumbani kwa mwanawe, na azikwe binti yake wa kwanza akiwa amemwona uso. Binti alikuwa njiani kutoka Lusaka. Kwa hiyo walimlaza kwenye chumba chenye kiyoyozi, kile cha kisanduku kinachopachikwa kwenye tundu la ukuta, uso wa mashine ndani na mgongo wake nje. Joto lilikuwa la kabla ya mvua kunyesha sawasawa, lile la kukaba. Mashine ikaanza kuzima. Mfanyabiashara akatuma gari gereji kunichukua.

Chumbani nilikuta wanawake wanampepea marehemu kwa vipande vya boksi, vitenge vimewaganda mgongoni. Kiyoyozi kiliwaka, kikatetemeka, feni ikaendelea lakini kompresa ikajizima. Baada ya kitambo ikajaribu tena, ikajizima tena. Chujio lilikuwa safi. Waya zilikuwa nzima. Kompresa inayofanya hivyo inajilinda, imezidiwa na joto. Nikatoka nje kuuangalia mgongo wake.

Chini ya mgongo wa kiyoyozi ulikuwa unawaka moto wa kilio.

Wanaume walikuwa wameuzunguka, makoti yao wameyatundika juu ya kisanduku. Nilielewa mara moja jinsi ilivyotokea. Moto wa kilio hauzimwi mpaka mwili utoke nyumbani. Mawingu yalikuwa yamefunga, wakaogopa mvua isiuzime, wakauwasha ukutani chini ya upenu. Ule mgongo wa mashine ndio unaotupa nje joto la chumbani, na wao walikuwa wanaulisha moto na moshi. Vile vipande vyembamba vya bati vilivyopangwa nyuma yake vilikuwa vimejaa majivu.

Shemeji alikuwa hapo, kama mzee wa kanisa aliyekuja kuongoza sala.

"Shemeji," nilimwambia, "huu moto unaiua mashine. Naomba muuhamishe, muuweke pale jikoni nje, kuna paa."

Kabla hajajibu, mzee mmoja aliyekuwa ameketi karibu na kuni akageuka. "We mama, kwenu hamufundishwe? Moto ya kilio haihamishwe."

"Nimefundishwa hauzimwi."

"Na mwanamuke haugusi."

"Basi uguse we, baba."

Kijana mmoja aliyeketi nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Shemeji akasimama. "Shemeji, rudi ndani. Hapa ni kwa wanaume."

"Ndani bibi anapepewa kwa boksi," nilisema. "Binti yake anafika kesho. Mukiacha moto hapa, kesho harufu njo itawahamisha nyie wote."

Nilingoja. Nataka ijulikane kwamba nilingoja. Hakuna aliyeinuka.

Nikaenda nikachukua beleshi kwenye ukuta wa jikoni. Nikachota makaa, nikavuka nayo ua, nikayamwaga chini ya paa la jikoni, nikaweka kuni juu yake, nikapuliza mpaka zikashika. Ndipo nikarudi kuchukua magogo yaliyobaki. Moto haukuzimika hata kidogo. Mzee wa kuni alinifuata akinitukana njia nzima, ukoo wangu na wa mama yangu, lakini nilipoinama kupuliza aliniwekea kijiti kikavu, nadhani bila kukusudia. Makoti niliyashusha nikayakunja vizuri juu ya benchi.

Nikakata umeme wa kiyoyozi. Nikapangusa majivu kwa brashi, kufuata mstari wa bati na si kuukata, maana vile vipande vinapinda kwa kidole tu. Nikamwagia maji taratibu, nikauacha ukuta upoe huku ndani wanaimba. Nilipowasha, kompresa ilinguruma, ikakaa. Nikaingia nikaweka kiganja mbele ya tundu la hewa. Mwanzo ilikuwa hewa tu. Kisha ikawa baridi. Wanawake wakaweka maboksi chini.

Binti alifika kesho yake alasiri. Aliukuta uso wa mama yake ukiwa uso wa mama yake. Alimwinamia, akamwita kwa jina la utotoni, na mi nikatoka nje kwa sababu mi sikuwahi kupata hicho.

Kwenye matola ya kurudi Dzaleka, shemeji aliketi mbele yangu juu ya magunia.

"Umenizarau mbele ya bantu," alisema.

"Nilikuomba kwanza."

"Jumamosi natandika mkeka. Sasa itakwisha."

Jumamosi walitandika mkeka nje ya kibanda chake, kando ya cherehani. Walikuja watu wa ukoo waliokuwa kambini, wamama wa kanisa, na yule jirani wa Uvira aliyemzika. Nilikwenda nimebeba mkoba begani. Niliufungua, nikazitoa manometa, nikazifungua shati, nikazifunga kwa kilemba changu kingine, nikazirudisha. Shati nikaliweka kwenye mkeka. Mkeka ulikuwa mkubwa, na shati lilikuwa peke yake katikati, na mafuta ya kompresa yakionekana kwenye kola.

"Na mkoba?" shemeji akauliza.

"Mkoba haukuwa kwake alipokufa. Ulikuwa kwangu."

"Alikupa?"

Watu wote walikuwa wananisikiliza. Ningeweza kusema ndiyo. Yule jirani alinitazama kama anayeniomba niseme ndiyo. Lakini maneno ya mwisho ya mume wangu sikuwa na mengi, na sikutaka kuyaharibu.

"Alisema, 'Shika, nakuja.'"

Shemeji akafungua mikono kuwaonyesha watu. "Munasikia? Hakumupa. Alimushikisha. Bado ni ya ndugu yangu."

"Ni yake," nilisema. "Basi aje auchukue."

Mama mmoja wa kanisa aliweka mkono mdomoni.

"Akija nitampa," nikasema. "Mkononi mwake. Siyo mkononi mwako, shemeji, wala mwa mtoto wa dada. Aliniambia nishike, na mi bado nashika. Kama kuna mtu hapa aliyemsikia akisema nimwachie mwingine, aseme."

Shemeji alimtazama jirani wa Uvira. Jirani akatikisa kichwa. Shemeji akainama, akalichukua shati, akalikunja kama fundi anavyokunja, mikono nyuma, akaliweka mapajani. Wakaomba. Nikavuliwa kitambaa cheusi. Nsima ikaletwa na maharage, watu wakala, wakaondoka wakizungumza mambo ya mvua.

Nilikuwa nimeinuka kwenda kwangu aliponiita, ameketi kwenye cherehani.

"Hiyo kamba ya kitenge inatia aibu. Bantu watasema ndugu yangu alikuwa maskini. Lete."

Sikuleta. Nilisimama nimeushika mkoba.

"Siko nachukua," alisema. "Weka chini ya sindano we mwenyewe. Shika tu."

Nikauweka mkoba kwenye meza ya cherehani, nikaushika kwa mikono miwili. Alikuwa amekwisha kukata mkanda wa turubai wa upana ule ule. Akakanyaga pedali. Turubai lilikuwa nene, uzi ukakatika, akatunga tena.

"Sijakubali," alisema bila kuinua macho.

"Najua, shemeji."

Alishona upande wa kwanza, nikaugeuza mkoba, akashona wa pili. Akarudia mshono mara nyingine juu yake. Kisha akainama, akakata uzi kwa meno.